Diski Iliyotoka Getini

Siku ya tatu tangu mashine ya mionzi inyamaze, mganga mkuu wa hospitali alimpokea Inspekta akiwa amesimama, wala hakumwonyesha kiti.

"Mtu wako unaye tayari," alisema. "Yuko rumande tangu juzi. Sijui umerudi kutafuta nini."

"Nimerudi kuona chumba," alijibu Inspekta, akavuta kiti mwenyewe, akakaa.

Kituoni walimwita Kobe. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mfupi, mwenye magoti yanayolia akipanda ngazi, na katika miaka ishirini na miwili ya upelelezi hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Lakini faili likishatua mezani kwake halikuondoka mpaka liive. Waliokuwa wakimcheka walipanda vyeo wakahamishwa. Yeye alibaki na kesi ambazo hakuna aliyezitaka, na hii ilikuwa mojawapo.

"Nieleze tena, Daktari, taratibu, kama unamweleza mtu asiyejua kompyuta. Maana kweli sijui."

Mganga mkuu alishusha pumzi. Jumatatu asubuhi, alisema, faili zote za wagonjwa wa saratani zilijifunga kwenye kompyuta. Kila mgonjwa ana mpango wake: mionzi impige wapi, kwa pembe gani, kwa kipimo gani, na ameshapigwa mara ngapi. Bila mpango mashine ni chuma tu. Wagonjwa arobaini na mmoja walikuwa katikati ya tiba. Hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyeacha ujumbe, hakuna aliyedai chochote. Faili zimegeuka herufi zisizosomeka, basi.

"Na nakala?"

"Nakala ilikuwa kwenye diski, ndani ya kabati la chuma. Ufunguo anao mtu mmoja, fundi wa kompyuta. Kabati tumelivunja mbele ya askari wako. Diski haipo. Tumemuuliza iko wapi, kafunga mdomo kama kameza gundi. Mwaka jana aliniandikia barua tatu za kulalamika. Mtu mwenye kinyongo, mwenye ufunguo, na mali haionekani. Unataka nini tena?"

"Hizo barua."

Mganga mkuu alifungua mtoto wa meza na kutoa jalada. Kobe alizisoma zote tatu bila haraka. Zilisema jambo moja kwa maneno tofauti: kampuni iliyotengeneza mfumo wa kompyuta zile imeacha kuuhudumia, baada ya hapo kampuni ya antivairasi nayo imetangaza kuacha, kwa hiyo kompyuta za mionzi zitabaki bila kinga. Juu ya barua ya tatu kulikuwa na mwandiko wa kalamu nyekundu: *Mashine inafanya kazi. Isiguswe.*

"Huu ni mkono wako?"

"Ni wangu. Na ningeandika hivyo hivyo leo." Sauti yake ilishuka kidogo. "Inspekta, mashine ya mionzi haikubali mfumo mwingine. Waliotuuzia walisema, ukibadilisha kompyuta ubadilishe na mashine nzima. Kuifunga mpya ni miezi mitatu. Hospitali nyingine yenye mashine kama hii iko mwendo wa siku mbili, na foleni yake ni miezi minane. Ningeizima miezi mitatu, wangekufa wangapi?"

Kobe aliandika kwenye daftari lake, akaomba nakala za barua, akashukuru.

Korido ya mionzi ilikuwa chini, nyuma ya chumba cha kufulia. Benchi refu la mbao lilikuwa limejaa. Wagonjwa walikuwa wakija kila siku saa moja asubuhi na kukaa mpaka alasiri, kwa sababu walikuwa wameambiwa mashine inaweza kuwaka wakati wowote, na hakuna aliyetaka iwake yeye hayupo. Ukutani, juu ya vichwa vyao, palikuwa na ratiba ya wiki iliyopigwa chapa vizuri, kila jina na saa yake.

Mwanamke mmoja mwenye futi ya ushonaji shingoni alimvuta Kobe mkono. Shingo yake chini ya futi ilikuwa nyeusi na kavu kama ganda la kiazi kilichoungua, na sauti yake ilikuwa mnong'ono.

"Mama, wewe ni mtu wa mashine?"

"Mimi ni polisi."

"Mtaitengeneza?"

"Mimi namtafuta aliyeiharibu."

"Ahaa," alisema mshonaji. "Hiyo basi ni kazi nyingine." Akamwonyesha kadi yake: mihuri ishirini na miwili kati ya thelathini na mitano. Jina lilianza na herufi M. "Daktari aliniambia nikikatisha katikati, uvimbe unarudi na hasira. Ndiyo maana nauliza."

Chumbani, aliyempokea alikuwa mama mtu mzima mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mistari ikasimama. Ndiye aliyekuwa akiendesha mashine kwa miaka kumi na saba. Wagonjwa wote walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Ukutani nyuma yake zilining'inia barakoa za plastiki, nyeupe, zenye matundu, kila moja imechukua sura ya mtu: pua ya huyu, kidevu cha yule. Ndizo zilizowashika vichwa wasitikisike mionzi ikipita.

"Kila siku wanayokaa bila kula vizuri wanakonda," alisema Shangazi alipoona Kobe anazitazama. "Wiki moja tu, barakoa haikai tena usoni. Hata faili zikirudi, wengine itabidi tuanze upya."

"Wewe hukumbuki mipango yao?"

"Nakumbuka mingine. Lakini kichwa si karatasi, Inspekta. Nikikosea upana wa kidole kimoja namuunguza mtu uti wa mgongo."

Kobe alikwenda kwenye kabati. Lilikuwa limevunjwa kitasa, lakini ndani palikuwa kama palivyoachwa. Kwenye rafu vumbi lilikuwa limeacha mraba safi, mahali diski ilipokaa. Waya mweusi ulipita kwenye tundu la nyuma ya kabati mpaka kwenye kompyuta. Upande wa kompyuta ulikuwa bado umechomekwa. Upande wa kabati kichwa chake kilikuwa kimepinda, na kipande cha bati kimechomoza kama jino.

"Diski ilikuwa imechomekwa muda wote?"

"Muda wote. Zamani fundi alikuwa anaichomoa jioni anaifungia kwingine. Kukaibiwa projekta ukumbini, likatoka agizo kwamba kifaa chochote kisitoke chumbani. Ndipo akatoboa lile tundu."

Kobe aliushika ule waya uliopinda. Mtu aliyepanga wizi huchomoa waya taratibu. Huyu alinyofoa. Aligeukia skrini. Majina ya faili yalikuwa takataka tupu, lakini pembeni ya kila moja mashine ilikuwa bado inaonyesha saa ilipobadilishwa. Alimwomba Shangazi ateremshe orodha mpaka mwisho. Faili ya kwanza iliharibika Jumatatu saa mbili na dakika tisa asubuhi. Ya mwisho, saa mbili na dakika ishirini na saba.

"Na hii ya kijani hapa chini ni nini?"

"Hiyo ni antivairasi," alisema Shangazi. "Tiki ya kijani maana yake tumelindwa. Mimi kila asubuhi nikiwasha huanza kuitazama hiyo."

"Ifungue tuone."

Shangazi alibofya. Dirisha dogo likajitokeza. Lilisema kinga inafanya kazi. Chini yake, kwa herufi za kijivu ambazo mtu asiye na miwani asingeziona, lilisema orodha ya virusi ilipokelewa mara ya mwisho mwaka mmoja na miezi minne iliyopita, na kwamba mfumo huu hauhudumiwi tena.

Mkono wa Shangazi ulibaki juu ya kipanya.

"Kwa hiyo mwaka mzima huu," alisema, "kitu kikiingia humu, isingekiona?"

"Inaelekea hivyo."

"Na tiki ingebaki kijani?"

"Si unaiona."

Kobe aliyaandika maswali yale mawili neno kwa neno, akatia alama ya nyota pembeni. Katika kazi yake alikuwa amejifunza kwamba watu huuliza kuhusu faili, kuhusu kazi, kuhusu lini mambo yatatengemaa. Mara chache mtu huuliza kuhusu kitu kuingia kabla hajaambiwa kwamba kuna kitu kimeingia.

Getini, mlinzi alimletea daftari la wanaotoka kabla hata hajamaliza kuomba. Alikuwa mzee mwenye mwandiko wa kujivunia.

"Mimi naandika kila kitu, afande. Hata mbwa wa mganga mkuu nilishamwandika, wakasema nimezidisha."

"Jumatatu fundi wa kompyuta alitoka?"

Mlinzi alipitisha kidole. "Huyu hapa. Saa mbili na dakika ishirini na tano. Nimeandika, *amebeba kitu ndani ya sweta*. Nikamuuliza, una nini? Akasema, mzee, ukinizuia watu watakufa. Sasa mimi nina watoto wa kulea, nikamwacha. Akarudi saa tano, hana sweta wala hicho kitu."

"Mbona hukuwaambia askari juzi?"

"Hawakuniuliza. Waliuliza kama nimeona mgeni. Fundi si mgeni."

Kobe alitabasamu kidogo, akamwomba asaini chini ya mstari ule.

Rumande ya kituo ilikuwa na harufu ya dawa ya choo. Fundi alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, ndevu za siku tatu, macho mekundu. Kobe alimketisha chumba cha mahojiano, akamwekea kikombe cha chai, akafungua daftari. Hakumuuliza kitu. Alianza kusimulia yeye.

"Jumatatu saa mbili na dakika tisa faili ya kwanza imeharibika. Ulikuwa ofisini kwako, ghorofa ya pili. Magoti yangu yamehesabu ngazi sitini na nne. Mtu akakuita, ukashuka, ukaona kinachotokea. Hukuwa na muda wa kufikiri. Ukafungua kabati, ukanyofoa diski mpaka kichwa cha waya kikapinda. Saa mbili na dakika ishirini na tano uko getini. Faili ya mwisho imeharibika saa mbili na dakika ishirini na saba, wewe ukiwa barabarani. Mwizi aliyepanga haya angetoa diski Ijumaa. Wewe umeitoa nyumba ikiwa inaungua."

Fundi alitazama chai.

"Anayetoka mbio na mtoto kwenye moto," alisema Kobe, "si lazima awe ndiye aliyeuwasha. Lakini huyo mtoto yuko wapi?"

"Nikisema, mganga mkuu atamtuma mtu akaichukue," alisema fundi. "Ataichomeka kwenye ile ile mashine mgonjwa, ili wagonjwa watibiwe leo leo. Simlaumu. Anasukumwa kila upande. Lakini ikichomekwa pale mara moja tu, imekwisha. Nilitaka kwanza ipatikane mashine safi yenye mfumo ule ule wa zamani. Bila mfumo ule faili hazifunguki, na mifumo ile haiuzwi tena popote."

"Kwa hiyo umeipeleka kwa mwenye mashine ya zamani."

Fundi alikizungusha kikombe.

"Mwanangu," alisema Kobe, na hapo alifunga daftari, "mimi si mganga mkuu. Diski itakwenda unakotaka wewe, na wewe utakuwepo. Lakini leo. Pale kwenye benchi kuna mtu amebakiza mihuri kumi na mitatu."

Fundi alijifuta uso kwa kiganja. "Iko kwa mjomba wangu," alisema. "Anatengeneza kompyuta kuukuu."

Karakana ya mjomba ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, kimejaa mifupa ya mashine mpaka dari. Mjomba mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na anayeongea na kompyuta kama wengine wanavyoongea na mbuzi. Alimwona mpwawe na pingu, akamwona Kobe, akaacha bisibisi.

"Mfungulie mikono, mama. Hapa hakuna pa kukimbilia, hata panya wanapita kwa zamu."

Kobe alifungua pingu.

Diski ilikuwa bado ndani ya sweta, juu ya kabati. Siku tatu mjomba alikuwa amehangaika kufufua mashine moja yenye mfumo ule wa zamani. Ilikuwa imewaka asubuhi hiyo. Alikuwa hajaichomeka diski. Alikuwa anamsubiri mwenyewe.

"Nielewesheni kitu," alisema Kobe wakati mashine ikiguna. "Ile antivairasi ilikuwepo. Kwa nini haikuzuia?"

"Antivairasi ni mlinzi mwenye picha za wezi," alisema fundi. "Kila siku analetewa picha mpya. Wa kwetu aliacha kuletewa picha. Akabaki getini, amevaa sare, anapiga saluti kila anayepita."

"Na hiki kirusi ni cha juzi?"

"Wala," alisema mjomba. "Mpwa wangu alinionyesha picha aliyopiga kwa simu, nikakijua. Hiki kilitoka miezi kumi iliyopita. Wenye mifumo mipya walipewa dawa yake ndani ya wiki. Huku nje kimeshakufa. Waliokitengeneza nadhani hata wenyewe wamekisahau. Kimebaki kinazurura kwenye flashi za watu, kinatafuta mashine zilizosahauliwa kama hizi."

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyeikusudia hospitali."

"Hakuna mtu kabisa."

Kobe aliandika maneno hayo, halafu akayatazama. Miaka ishirini na miwili, na alikuwa hajawahi kuandika kitu kama hicho kwenye nafasi ya mshukiwa.

"Mashine za namna hii zimebaki ngapi?"

Mjomba alicheka bila furaha. "Nihesabu? Benki ya damu. Ofisi ya vizazi na vifo. Mahakama. Ninyi wenyewe pale kituoni. Mimi ndiye ninayewatengenezea."

Mashine ilikuwa tayari. Fundi alichomeka diski mwenyewe, akakosea tundu mara mbili. Taa ndogo ikamemeta. Orodha ikatokea kwenye skrini, na kwa mara ya kwanza Kobe aliona faili zenye majina ya watu: majina kamili, yenye herufi zake, yanayosomeka. Yale majina yaliyokuwa kwenye ratiba ya ukutani.

"Yapo," alisema fundi. "Mjomba, yapo."

"Fungua moja," alisema mjomba.

Fundi alifungua la kwanza. Skrini ikajaa takataka. Akafungua la pili. Takataka. Akaruka mpaka katikati. Akafungua herufi K, akafungua M, akafungua R. Aliendelea kubofya moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayegonga milango ya mtaa uliohamwa. Majina yalikuwa ganda tu. Kirusi kilikuwa kimekula ndani na kuacha nje; diski ilichomolewa kabla hakijarudi kugeuza majina.

"Diski ilikuwa imechomekwa," alisema mjomba kwa upole. "Kilianza pote pawili kwa pamoja. Kilikuwa kinafuata herufi."

"Niliichomoa lini?" aliuliza fundi.

"Saa mbili na dakika ishirini," alisema Kobe. "Labda ishirini na mbili."

Herufi W ilifunguka. Faili ya kwanza ya W ilionyesha picha ya fuvu kutoka pembeni, mistari ya rangi, tarakimu, tarehe za kila pigo la mionzi. Nzima. Ya pili nzima. W tatu, Y moja, Z mbili. Kirusi kilikuwa hakijawafikia.

Wagonjwa sita kati ya arobaini na mmoja.

Mjomba alivua miwani zote mbili. Fundi alikaa chini kwenye sakafu, akaegemea mifupa ya mashine, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kama nisingefunga kabati kwa ufunguo, ningewahi na T."

Kobe alimwacha akae. Kisha akauliza alichokuwa lazima aulize. "Kirusi kiliingiaje? Diski inaweza kusema?"

Mashine, alieleza mjomba, huandika yake yenyewe, kama yule mlinzi wa getini. Kila kinachochomekwa huandikwa jina na saa, na daftari hilo nalo lilikuwa limenakiliwa, na kirusi hakikuligusa. Alipekua kwa dakika kumi. Kisha akageuza skrini kumwelekea Kobe. Jumatatu, saa mbili na dakika nne, kompyuta ya chumba cha kuendeshea mashine: flashi. Mwenye flashi alikuwa ameipa jina. *RATIBA.*

Fundi aliusoma mstari ule kutoka sakafuni, akafumba macho. "Mungu wangu," alisema. "Msiandike hiyo."

Simu ya mkuu wa kituo ilimkuta Kobe kwenye gari. Alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza: fundi hakuiba, alikuwa anaokoa; barua tatu zilionya; mganga mkuu alizuia; waliouza mashine walikataa; kampuni ya mfumo ilikuwa imeacha.

"Kuna kifungu kinachosema kutobadilisha kompyuta ni kosa?" aliuliza mkuu.

"Hakuna, afande."

"Kuna kifungu cha kumfungulia mashtaka mtu kwa kuandika *isiguswe*?"

"Hakuna."

"Kifungu kilichopo kinasemaje?"

Kobe alikijua kwa kichwa. "Yeyote anayeingiza programu haribifu kwenye mashine ya umma, kwa makusudi au kwa uzembe."

"Basi. Watu arobaini na mmoja, Kobe. Huko juu wananiuliza jina. Ukitaka fundi atoke, niletee aliyeingiza. Usiponiletea, fundi anasimama mahakamani kesho."

Fundi, kiti cha nyuma, alikuwa amesikia yote. "Niacheni mimi," alisema. "Mimi nimeshazoea pale ndani. Shangazi ndiye pekee anayekumbuka mipango. Mkimtoa yeye, hata hao sita nani atawaendeshea mashine?"

"Najua," alisema Kobe.

"Sasa?"

Kobe alitazama barabara. Angeweza kuuacha ule mstari. Ungebaki kwenye mashine ya mjomba, na fundi angehukumiwa kwa jambo ambalo yeye Kobe alijua kwamba hakulifanya. Hakuwahi kufunga faili kwa namna hiyo, na faili zote alizowahi kufunga hazikumsaidia kuona njia nyingine.

Walifika hospitali saa tisa alasiri. Benchi lilikuwa bado limejaa. Shangazi alikuwa chumbani, ameketi mbele ya skrini iliyozimwa. Mezani mbele yake, juu ya leso nyeupe, kulikuwa na flashi ndogo ya bluu iliyobandikwa karatasi ya mwandiko wa mkono.

"Nilijua utarudi," alisema. "Tangu asubuhi ulipoandika yale maswali yangu."

"Ungenipigia simu."

"Nilikuwa naomba niwe nimekosea." Aliikunja leso pembe moja, akaikunjua. "Printa ya hapa ilikufa mwaka jana. Walikuwa wanakuja alfajiri wote, wanakaa, hakuna anayejua zamu yake. Wagonjwa wale, Inspekta. Wengine wanatapika njiani. Nikasema niwape kila mtu saa yake. Nikawa nachukua orodha kwa flashi, napeleka duka la kuchapisha kule stendi, narudi nayo. Wiki baada ya wiki. Kila nikiichomeka naitazama kwanza ile tiki. Mimi si mjinga, nilikuwa nimesikia habari za virusi. Naitazama, ni kijani. Naendelea."

"Ulikuwa hujui."

"Sikujua. Hilo linabadilisha kitu?"

Kobe alimweleza kuhusu diski, akamweleza kuhusu herufi, akampa karatasi yenye majina sita. Shangazi aliyasoma. Alipofika mwisho aligeuza karatasi, kama vile mengine yangekuwa nyuma.

"Na mimi unanipeleka."

"Ndiyo, dada yangu. Nitaandika barua zote tatu, nitaandika agizo la kabati, nitaandika tiki. Yote yatakuwa kwenye jalada."

"Yatasaidia?"

"Sidhani."

Shangazi aliinuka, akanyoosha koti. "Naomba jambo moja. Majina haya niyasome mimi. Wakiyasikia kwa polisi watadhani wamefanya kosa."

Walitoka pamoja. Shangazi alisoma majina sita kwa sauti ile ile aliyotumia siku zote kuwaita ndani, akisubiri kila mmoja asimame. Mzee mmoja aliyesimama hakujua afurahi au afanyeje, akabaki ameshika kofia. Kisha Shangazi akanyamaza, na wale wa benchi wakaendelea kumtazama, wakingoja jina linalofuata.

"Ni hao," alisema.

Hakuna aliyelia. Mwanamume mmoja aliuliza kama orodha nyingine itatoka kesho. Kijana aliyekuwa amemleta baba yake alianza kusema kitu, baba akamgusa goti. Mshonaji aliinuka polepole, akaja mpaka mbele yao, futi ikining'inia shingoni, na kwa sababu sauti yake ilikuwa mnong'ono ilibidi wote wawili wainame kumsikia.

"Mama polisi, umempata aliyefanya?"

Shangazi alikuwa amesimama kando yake, bega kwa bega, mikono mitupu.

"Nimepata kilichotokea," alisema Kobe.

Mshonaji alifikiri kidogo juu ya jibu lile, akaliacha. Akamgeukia Shangazi.

"Mimi kesho nije saa yangu ile ile?"

Shangazi alimtazama shingoni, pale palipoungua, mahali alipokuwa akipalenga yeye mwenyewe kila siku kwa siku ishirini na mbili. Alimrekebishia kola isiguse ngozi.

"Njoo," alisema.

"Utakuwepo?"

"Njoo tu, mdogo wangu. Usikatishe."

Mshonaji alirudi kukaa. Shangazi alivua koti, akalikunja, akalitafutia mahali pa kuliweka, na alipokosa akalibeba mkononi. Kobe alitembea mbele kwa mwendo wake wa siku zote. Nyuma yao, kwenye benchi, watu thelathini na watano walisogeleana kuziba nafasi za wale sita, wakaendelea kusubiri.